Nani ni wa Hapa? Historia ya Uraia na Mashamba katika Kivu



Juma lililopita tulizungumza juu ya mashamba ambayo watu wanayakuta yamelimwa na wengine wanaporudi kwao. Nyuma ya mazungumzo yale tulipokea barua nyingi, na karibu zote zinazunguka neno moja: “Lakini yule si wa hapa.” Mmoja anasema hivyo juu ya jirani yake. Mwingine analalamika kwamba ni yeye aliyeambiwa hivyo, na kaburi la baba yake liko pale pale mlangoni. Kwa hiyo leo nimeona afadhali tuweke kando sheria ya mashamba, tuulize neno lenyewe. Nani ni wa hapa? Nani aliamua, mwaka gani, na kwa karatasi gani?

Nitaanza na mzee mmoja wa Masisi. Jina lake na kijiji chake nitavificha. Nilimkuta katika kambi moja karibu ya Goma, kabla makambi yale hayajavunjwa mwanzoni mwa 2025. Alipojua kama nilisoma sheria, aliingia katika kibanda chake akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa karatasi tatu. Ya kwanza ni buku ya baba yake ya wakati wa Wabeleji, imeandikwa kilima cha Rwanda alikozaliwa. Ya pili ni karte yake mwenyewe ya situayen, ya wakati wa Zaire. Ya tatu ni karte ya uchaguzi, ile aliyopigia kura 2006. Akaniuliza: “Mwana wangu, katika hizi tatu, mimi ni ipi?”

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimtajia vifungu vya sheria, naye akaitika kwa heshima tu, kama wazee wanavyofanya mbele ya kijana anayesema mengi. Nataka nijaribu tena leo.

Tuanze na mpaka, kwa maana mtu hawezi kuitwa mtu wa ng'ambo kama ng'ambo yenyewe haijapimwa. Mwaka 1885 mfalme Leopold wa Pili alitangaza Inchi Huru ya Kongo. Alitangaza akiwa Bulaya, na upande wetu wa mashariki ulikuwa mstari uliochorwa kwenye karatasi na watu ambao hawajaona ziwa Kivu. Wadachi waliotawala Rwanda walibishana na Wabeleji juu ya mahali hapa kwa miaka mingi. Ni katika 1910 tu ndipo Wabeleji, Wadachi na Waingereza walipokaa Brussels wakakubaliana. Kisiwa cha Idjwi kikawekwa Kongo. Bwisha, inayokuwa leo katika Rutshuru, ikawekwa Kongo. Bufumbira ikawekwa Uganda. Katika Bwisha walikuwamo watu wanaosema Kinyarwanda, wana mashamba na makaburi. Hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliopita nyuma ya nyumba zao.

Shikeni mwaka huo 1910, tutaurudia.

Kundi la pili lilifika kwa njia nyingine kabisa, na ni hapa wengi wanachanganya mambo. Wabeleji waliichukua Rwanda kwa vita katika 1916. Rwanda ilikuwa na watu wengi juu ya ardhi ndogo, na njaa ilikuwa inarudi rudi. Kivu, kwa macho ya mkoloni, ilikuwa na ardhi nzuri na mikono michache: wazungu walikuwa wamepewa mashamba ya kahawa, chai na pareto, wakatafuta wafanyakazi. Basi serikali ikaunda mwaka 1937 kazi iliyoitwa Mission d'immigration des Banyarwanda, kwa ufupi MIB. Ilidumu mpaka 1955. Yapata watu 85.000 walichukuliwa Rwanda wakapandwa katika milima ya Masisi, kuanzia Gishari. Wabeleji wenyewe waliwaita “waliopandikizwa”, kama miche ya kabichi inayotolewa kitaluni. Wengine walikuja kwa kukimbia njaa, hasa ile ya 1943. Wengine walikuja kwa kukimbia kazi za lazima na fimbo. Kila mmoja wao alikaa siku moja mbele ya nyumba yake akahesabu: nibaki hapa na watoto wafe, ama nifuate muzungu katika inchi nisiyoijua? Hawakuja kunyang'anya inchi ya mtu. Walikuwa wakitafuta pahali pa kulima na kulala bila hofu.

Lakini historia haina masikio upande mmoja tu. Katika kambi ile ile, mistari miwili kutoka kibanda cha mzee, alikaa mama mmoja wa Kihunde. Alisikia mazungumzo yetu. Akasema: “Yeye ana karatasi tatu. Sisi hatuna hata moja, kwa sababu hakuna aliyetuuliza karatasi. Lakini pia hakuna aliyetuuliza neno, siku walipokata mashamba ya babu yangu.”

Mama huyu anasema kweli. Kabla ya MIB, ardhi ya Bahunde ilikuwa imekatwa pande mbili. Mbuga ya wanyama, Parc Albert, iliundwa 1925 na kupanuliwa mara kadhaa. Kampuni ya Comité National du Kivu, iliyoanzishwa 1928, ilipewa uwezo wa kugawa ardhi kwa wazungu. Halafu ikaja Gishari: Wabeleji walichukua sehemu ya inchi ya Bahunde, wakaifanya utawala wa peke yake, wakaweka juu yake chifu aliyetoka Rwanda. Utawala ule ulifutwa 1957 na Gishari ikarudishwa chini ya mwami wa Bahunde. Mkoloni aliandika kwamba wenyeji walikubali na kulipwa. Lakini nani alikubali? Mwami aliyeweza kufukuzwa kazi na mzungu kesho yake? Na malipo yalimfikia nani kijijini?

Niseme hapa jambo ambalo vijana wetu wa mujini hawalijui tena. Katika desturi zetu, mgeni kuingia si jambo la ajabu. Bami walipokea wageni tangu zamani. Mgeni alikuja na mbuzi au na pombe, akaketi, akasema ametoka wapi na kwa sababu gani. Mwami akamwonyesha shamba. Kwa Bashi mapatano hayo yanaitwa kalinzi. Kwingine yana majina mengine. Kutoka siku ile alikuwa mtu wa mwami yule, watoto wake walioa na kuolewa pale, na nyuma ya vizazi viwili hakuna aliyekumbuka mbuzi. Njia ya kuwa wa hapa ilikuwako. Wabeleji waliiruka. Waliwaleta watu kwa maelfu kwa lori na kwa orodha, wakawaweka chini ya chifu wao, bila mbuzi na bila kuketi. Aliyeletwa hakupata nafasi ya kuomba, na mwenyeji hakupata nafasi ya kupokea. Mimi naona kidonda kilianzia hapo, mapema kuliko sheria yoyote ya uraia.

Sasa tuje kwenye sheria, na mnivumilie, kwa maana tarehe ni nyingi. Nyakati za uhuru, sheria ya uchaguzi ya 23 Machi 1960 iliwaruhusu watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo angalau miaka 10 kupiga kura. Walipiga. Miaka minne baadaye Katiba ya Luluabourg ya 1 Agosti 1964 ikasema Mkongomani ni yule ambaye mmoja wa wazazi wake wa kale alikuwa wa kabila au sehemu ya kabila lililokaa Kongo kabla ya 18 Oktoba 1908. Watu wa Bwisha wakabaki ndani. Watu wa Gishari wakatoka nje. Wakati ule ule, kati ya 1963 na 1965, damu ilimwagika Masisi na Rutshuru katika vita ambavyo wazee wanaviita Kanyarwanda.

Halafu akaja Mobutu. Mkuu wa ofisi yake wakati ule alikuwa Barthélemy Bisengimana, yeye mwenyewe Mnyarwanda wa Kivu. Katika Machi 1971 ilitoka amri iliyowapa uraia kwa jumla watu wa Ruanda-Urundi waliokuwa Kongo siku ya uhuru. Sheria ya 5 Januari 1972, kifungu cha 15, ikarekebisha: waliokaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950, na wakaendelea kukaa Zaire, ni raia tangu 30 Juni 1960. Karte ya pili ya mzee wetu ni mtoto wa kifungu hicho.

Watu wake walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini angalieni ilivyofanyika. Sahihi moja katika Kinshasa. Hakuna aliyekuja Masisi kuketi na Bahunde, wala Walikale kuketi na Banyanga, kuwaeleza kwamba hawa majirani sasa ni ndugu zenu katika taifa, tuzungumze basi mashamba yatakuwa namna gani. Mwaka uliofuata, 20 Julai 1973, sheria ya ardhi ikasema ardhi yote ni ya serikali. Juu ya ardhi ya desturi, ile ambayo mkulima wa kweli anailima, ilisema tu kwamba Prezida ataipanga kwa amri nyingine. Amri ile ilingojewa miaka na miaka. Mwisho wa 1973 ikaja zaïrianisation, na mashamba makubwa ya wazungu yakaenda kwa wenye mkono mrefu, wakiwamo Wanyarwanda wachache matajiri. Vilima vizima vikazungushiwa waya kwa ng'ombe. Waliofukuzwa walikuwa wakulima, Bahunde na Wanyarwanda pamoja. Lakini mkulima wa Kihunde aliona jina la mwenye waya, akasahau kwamba Mnyarwanda maskini alifukuzwa siku ile ile kwa waya ule ule.

Hasira hiyo ilizaa sheria ya 29 Juni 1981. Ilifuta kifungu cha 15. Ikasema Mzaire ni yule ambaye mzazi wake wa kale alikuwa wa kabila lililokaa ndani ya mipaka ya inchi katika 1 Agosti 1885. Mwaka 1982 amri nyingine ikafuta hati zilizotolewa kwa kifungu kile. Sasa rudini kwenye mwaka niliowaambia mshike. Mipaka ya hapa ilipatanwa 1910. Mtu wa Bwisha ataonyesha namna gani kwamba babu yake alikuwa ndani ya mpaka miaka 25 kabla mpaka haujakubaliwa? Tena karatasi ya 1885 nani anayo? Mimi sina. Chifu unayenisikiliza huna. Mama wa Kihunde hana. Tofauti ni kwamba yeye hakuna aliyemuuliza.

Nikiri jambo. Chuoni tuliisoma sheria hii kama historia, kwa muda mfupi, na katika mtihani niliandika kwamba ilisahihisha kosa la 1972. Nilipata alama nzuri. Sikuwa nimeona bado mfuko wa plastiki wa mzee yule.

Kwa kweli sheria ya 1981 haikutumika sana mwanzoni. Hakuna askari aliyepita nyumba kwa nyumba kunyang'anya karte. Watu waliendelea kulima, kuoana, kulipa kodi. Iliumiza siku za uchaguzi tu, wakati watu walipozuiliwa kugombea. Na ndiyo sababu ilingojea 1990 ili iwake. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza kwamba chama kimoja kimekwisha. Inchi nzima iliimba. Kila mtu alianza kupima upya maisha yake: nani alininyima, nani atanitawala, mimi ni nani katika Zaire mpya? Lakini demokrasia inahesabu vichwa. Masisi, Wanyarwanda walikuwa wengi kuliko Bahunde. Mwenyeji akaona kwamba kura itamwondolea hata mwami wake. Mnyarwanda akaona kwamba kuna haraka ya kumwandika mgeni kabla kura haijafika, kwa maana katika 1991 serikali ilianza kuandika “wenyeji halisi”, na katika Konferansi ya Kitaifa iliyofunguliwa Kinshasa 7 Agosti 1991, wajumbe wa Wanyarwanda wa Kivu ya Kaskazini walikataliwa. Uhuru ule ule ambao wote walikuwa wakiungojea uliwatia hofu pande zote mbili.

Tarehe 20 Machi 1993 Wanyarwanda walishambuliwa Ntoto, katika Walikale. Ndani ya siku chache moto ulifika Masisi, na huko waliolipiza hawakuchagua. Bahunde waliuawa, vijiji vyao vikachomwa. Maelfu ya watu walikufa. Zaidi ya 200.000 walikimbia. Nawaomba wasikilizaji wenye miaka zaidi ya 40 wasiwafundishe watoto wao nusu moja tu ya mwaka ule.

Tena msisahau kwamba wenyewe waliuzima moto ule. Mwisho wa 1993 na mwanzo wa 1994 viongozi wa jamii zote waliketi, wakazungumza, na watu wakaanza kurudi mashambani. Kama historia ingesimama hapo, labda leo nisingekuwa na mazungumzo haya. Lakini katika Julai 1994, nyuma ya mauaji ya kimbari ya Watutsi katika Rwanda, karibu watu milioni moja walivuka kuingia Goma katika siku chache, wakimbizi pamoja na wauaji na silaha zao. Kipindupindu kiliwaua kwa makumi ya maelfu. Yale yaliyokuwa ugomvi wa shamba kati ya majirani yakamezwa na vita vya mataifa. Wanyarwanda wa Kivu, ambao katika 1993 walihesabiwa kama kundi moja, wakapasuka Hutu na Tutsi. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito likapitisha azimio la kuwahesabu wahamiaji wote wa kutoka Rwanda na Burundi kuwa wakimbizi wanaopaswa kurudishwa. Familia za Watutsi wa Masisi zilikimbilia Rwanda. Wengi waliingia kambi ya Kiziba, kule Kibuye, iliyofunguliwa 1996, na kuna watoto waliozaliwa mule ambao sasa ni wazazi. Huko wanaitwa Wakongomani. Huku wanaitwa Wanyarwanda. Upande wa kusini, Oktoba 1996, naibu guverneri wa Kivu ya Kusini aliwaambia Banyamulenge waihame milima yao ndani ya juma moja, na vita vikaanza. Yaliyofuata mnayajua kwa miili yenu, siyahadithii.

Sheria tunayoitumia leo ni ya 12 Novemba 2004, mtoto wa mapatano ya Sun City. Inasema Mkongomani wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilifanya inchi iliyokuwa Kongo siku ya uhuru. Katiba ya 18 Februari 2006 imerudia maneno hayo katika kifungu cha 10. Tarehe ya kupimia si 1885 tena, ni 1960. Karte ya tatu ya mzee ilitoka katika hali hiyo.

Kwa hiyo hesabu yake ni hii. Alizaliwa Masisi 1948, na hakuhama mlima ule mpaka vita vilipomfukuza. Katika 1964 hakuwa raia. Katika 1972 alikuwa. Katika 1981 hakuwa. Katika 2004 akawa. Yeye hakubadili kitu. Alikuwa analima maharagi.

Lakini yule mama naye alikuwa kambini. Sheria ya 2004 haikumrudishia shamba la babu yake, wala haikumweleza kitu. Tena anasikia watu wakisema kwamba karte za uchaguzi zinapewa hata waliovuka jana, naye hana njia ya kujua ni kweli au ni uongo. Akikasirika, wenye bunduki wanakuja kumkopesha hasira zaidi. Kwa maoni yangu, kila mara serikali imetengeneza karatasi na kuacha kikao. Kinshasa inaweza kumpa mtu uraia. Haiwezi kumpa jirani. Ile kazi ya mbuzi na kuketi, iliyorukwa katika 1937, ilirukwa tena katika 1972, na katika 2004 pia.

Machifu, hapa nawasemea ninyi. Mtu anaporudi akakuta mwingine katika shamba lake, msianze na kabila lake. Anzeni na shamba: nani alilima kabla ya kukimbia, alipewa na nani, mashuhuda ni nani, mpaka ulikuwa mti gani. Mkigundua kwamba aliye shambani naye alifukuzwa kwingine, na mara nyingi ndivyo ilivyo, basi mna watu wawili wa kutafutia ardhi, hamna mshtakiwa. Yaandikeni mapatano, na kila upande ubaki na nakala. Na mwami asichukue malipo pande zote mbili kwa shamba moja. Mnajua nasema nini.

Mama mmoja aliandika kutoka kwa familia iliyompokea, anauliza: mtoto wake aliyezaliwa katika kukimbia, ni wa wapi? Mama, mtoto anafuata wazazi wake, hafuati hema. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inatoa siku 90 za kumwandikisha tangu kuzaliwa. Nenda kwa ofisi ya etasivili ya pahali ulipo sasa, usingoje kurudi kwenu. Uende na karatasi ya hospitali au ya mkunga kama iko, pamoja na watu wawili wanaokujua. Utaje kijiji chako, grupma yako na kolektivite yako kama zilivyo, usizibadili kwa hofu. Kama siku 90 zimepita, njia bado iko kupitia tribinali, lakini ni ndefu zaidi.

Na mzee, kama unanisikiliza pahali ulipo: usitupe yoyote katika zile tatu. Ile buku ya baba yako inaonyesha mwaka aliofika. Ikipotea, hakuna ofisi itakayokuandikia nyingine. Umwonyeshe mjukuu wako mahali ulipouweka mfuko.